Mtu wa Maabara na Askari: Mafunzo Niliyopata Katika Hadithi za Upelelezi

Vijana wanaoniletea miswada ya riwaya za upelelezi siku hizi wanampenda sana mhusika wa maabara. Polisi wamekwama, mkuu wa upelelezi anapiga meza, ndipo anaingia bwana mwenye koti jeupe, anachungulia hadubini mara moja na kumtaja muuaji kwa jina. Nawapongeza kwa kumchagua. Ni mhusika mwenye umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, na katika Kiswahili bado hajapewa nafasi anayostahili. Nimekaa naye muda mrefu, kwanza kama msomaji, baadaye kama mhariri wa hadithi za mfululizo gazetini, na sasa kama mstaafu ninayesoma bila kukimbizwa na saa za mitambo. Haya niliyojifunza kwake nakuandikia wewe unayetaka kutunga riwaya ambayo watu watagombania nakala zake.

1. Muuaji anaweza kujulikana tangu mwanzo

Kitabu kilichonifumbua macho nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza bidhaa zake kando ya njia, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Jalada lilikuwa limeng'oka. Jina la mwandishi nililikuta ndani: R. Austin Freeman. Nilipoanza hadithi ya kwanza nikadhani wachapaji wamechanganya kurasa. Mtu mmoja, Silas Hickler, anaishi katika nyumba iliyojitenga karibu na reli. Mgeni anapita kuuliza njia. Hickler anamtambua kuwa ni Oscar Brodski, mfanyabiashara wa almasi, anamkaribisha ndani, na mbele ya macho yetu anamuua. Kisha anaubeba mwili gizani na kuulaza juu ya reli ili treni ipite na watu waseme marehemu alijiua. Tumeyaona yote. Nikajiuliza, sasa hadithi imebakiwa na nini?

Ilikuwa imebakiwa na utamu wake wote. Katika nusu ya pili anatokea Daktari John Thorndyke, tabibu aliyesomea pia sheria, akiwa na kisanduku chake cha kijani ambamo kuna hadubini ndogo na vichupa vya dawa. Anaviokota vipande vya miwani ya marehemu vilivyotapakaa relini, anavipanga kwa subira, na kugundua kuwa baadhi ya vioo havikutoka kwenye miwani kabisa. Vimetoka kwenye bilauri. Anachungulia kwenye meno ya marehemu na kukuta chembe za biskuti na nyuzi za rangi. Anauliza kofia iko wapi. Kila anachokiokota, sisi tulikuwepo kilipoanguka. Tulimwona Hickler akizoa vioo sakafuni ili akavimwage relini, tukadhani amefunga kazi. Tulimwona akiisahau kofia, kisha akirudi kuichoma. Sasa tunakaa roho juu tukingoja mtu mwingine ayaone yale yale tuliyoyaona, kwa macho makali kuliko yetu.

Freeman aliikusanya hadithi hiyo pamoja na nyingine za mtindo huo katika kitabu The Singing Bone cha mwaka 1912, na mpaka leo yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa kuigeuza hadithi ya upelelezi kichwa chini miguu juu.

Nilipokuwa mhariri, mwandishi mmoja alikubali kuujaribu mtindo huo kwenye hadithi yetu ya kila wiki. Mauaji yalitokea katika sehemu ya kwanza na msomaji akamjua muuaji. Nilihofu kuwa tutapoteza wasomaji. Badala yake barua zilianza kuja, na hazikuwa za kubashiri. Watu walikuwa wakimwonya mpelelezi: angalia chini ya mtungi, mwulize mama ntilie, yule bwana amebadilisha viatu. Walikuwa wameingia kazini pamoja naye. Swali la nani kaua, likishajibiwa, limekwisha. Swali la watajuaje huamka upya katika kila aya, na kwa hadithi ya mtaalamu wa sayansi ndilo swali lenyewe, maana starehe ya sayansi iko njiani.

2. Fanya jaribio kwa mikono yako kabla hujaliandika

Freeman alikuwa daktari kweli. Mwaka 1887, mwaka ule ule ambao Sherlock Holmes alitokea kwa mara ya kwanza katika A Study in Scarlet, yeye alikwenda Accra, katika nchi ambayo sasa ni Ghana, kama daktari wa serikali ya kikoloni. Alirudi Uingereza akiwa ameharibiwa afya na homa ya mkojo mweusi, hakuimudu tena vizuri kazi ya tiba, akaingia katika uandishi. Alikuwa na desturi ambayo ningependa kila mwandishi wa upelelezi aifuate: majaribio anayoyafanya Thorndyke, Freeman aliyafanya mwenyewe kwanza. Agatha Christie naye, kabla ya kuwa mwandishi maarufu, alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ndiyo maana sumu katika riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1920, inafanya kazi kama sumu: chumvi ya bromaidi inaifanya striknini itengane na maji na kutuama chini ya chupa, hata mgonjwa akaimeza karibu yote katika dozi ya mwisho.

Nami niliamua kujaribu. Na mjukuu wangu tulikusanya masizi ya kibatari, tukachukua brashi laini ya kupakia poda na gundi ya karatasi. Tukagusa kioo cha dirisha, tukapaka masizi kidogo kidogo kwa mkono mwepesi. Mistari ikajitokeza, mizuri, imezunguka kama maji yaliyotupiwa jiwe. Tukaibandua kwa gundi na kuihamishia kwenye karatasi nyeupe. Mtoto alipiga kelele za furaha. Kisha tukajaribu vitu vingine vya nyumbani na hapo ndipo nilipostaajabu. Ukuta wa chokaa haukutoa kitu. Dumu la maji la njano lenye ngozi ya mkwaruzo lilitoa madoa tu. Mpini wa jembe, bure. Hata kwenye glasi, tulipoishika kama watu wanavyoishika kweli, kwa kuizungusha na kuipokezana, alama zilikuwa zimepandana na kuvurugika. Alama safi ilipatikana pale tu tulipogusa kwa makusudi na kutulia.

Jambo moja lilinifikirisha zaidi. Jirani yangu ni fundi mwashi. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza nchini mwaka 2019, alinieleza jinsi mashine ilivyomkataa. Anaweka kidole, anafuta, anaweka tena, foleni nyuma yake inanung'unika. Saruji na mawe yameisaga ngozi yake miaka nenda miaka rudi mpaka mistari imekuwa hafifu. Mwandishi mwenye macho angesimama hapo hapo kwenye foleni na kuona riwaya. Mshukiwa ambaye vidole vyake havisomeki kwa sababu amefanya kazi halali maisha yake yote, mtaalamu atamwelezaje mbele ya mahakama? Jambo kama hilo huwezi kulipata kwa kutazama filamu za Marekani, ambako kila kitasa cha mlango kina alama kamili inayongoja kupigwa picha.

3. Maabara hujibu swali moja kwa wakati

Nilipata kukaa barazani na mama mmoja aliyestaafu kazi ya maabara. Tulikuwa tumekwenda kuhani msiba, mazungumzo yakaenda yakirudi mpaka yakafika kwenye riwaya zangu. Nikamwuliza anazionaje. Alifikiri kidogo, akasema, "Mnatuuliza nani kaua. Hilo si swali letu sisi. Niulize hili doa ni nini."

Sentensi hiyo imenisaidia kuliko vitabu vingi vya ufundi wa uandishi. Chukua doa jekundu kwenye shati. Swali la kwanza: ni damu? Kuna jaribio la awali ambalo hubadilisha rangi kuwa waridi, lakini mtaalamu mwaminifu atakuambia kuwa kutu na baadhi ya mimea huweza kulidanganya, kwa hiyo bado hajasema ndiyo. Swali la pili: ikiwa ni damu, ya binadamu au ya mnyama? La tatu: ya binadamu yupi? La nne, ambalo maabara mara nyingi haiwezi kulijibu: ilifikaje hapo, na lini?

Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, aliliona swali hilo la kwanza mapema. Tunapomkuta Holmes kwa mara ya kwanza yumo maabara, anashangilia kwamba amepata dawa inayoitambua damu na si kitu kingine. Hiyo ilikuwa ndoto ya mtunzi. Mwaka 1901 Mjerumani Paul Uhlenhuth alifika mbali zaidi kwa kutengeneza jaribio la kuitenganisha damu ya binadamu na ya wanyama. Mwaka huo huo wavulana wawili waliuawa kikatili katika kisiwa cha Rügen, Ujerumani, na seremala aliyeitwa Ludwig Tessnow akakamatwa akiwa na nguo zenye madoa. Alidai ni rangi ya mbao. Uhlenhuth aliyapima madoa hayo na kukuta damu ya binadamu kwenye baadhi, na kwenye mengine damu ya kondoo. Na kabla ya hapo kulikuwa na kondoo waliokutwa wamechinjwa na kukatwakatwa shambani. Fikiria jibu hilo lilivyoingia mahakamani. Kila doa lilikuwa na habari yake.

Kwa mtunzi hii ni hazina. Ukimpa mtaalamu wako swali moja kubwa na jibu moja kubwa, riwaya inakwisha katika ukurasa mmoja. Ukiyapanga maswali kama yanavyopangwa maabara, kila jibu linafunga mlango mmoja na kufungua mwingine, na kati ya majibu hayo kuna siku za kungoja ambazo watu wanatoroka, wanatishana, wanaoana, wanakufa. Mchinjaji wa mtaani kwetu ana damu kwenye aproni yake kila siku ya Mungu. Mpe mtaalamu wako aproni hiyo uone kazi.

4. Ifuate bahasha

Rafiki yangu mmoja alitumikia upelelezi katika Jeshi la Polisi mpaka akastaafu. Nilimwomba anisomee mswada wa kijana mmoja, nikitegemea angesahihisha vyeo na bunduki. Alipoyamaliza hayo haraka haraka, alirudi kwenye aya ambayo mimi niliipita bila kuitazama: askari anaokota kitambaa chenye damu mbichi, anakitia kwenye mfuko wa nailoni, anauweka mfukoni na kwenda nao nyumbani kwa mtaalamu usiku.

"Kesi imeishia hapa," akasema.

Akachukua kikombe changu cha kahawa kilichokuwa mezani ili anionyeshe. Kwanza akaandika kilipokuwa, upande gani wa meza, saa ngapi. Akakifunga kwa karatasi, akakitia kwenye bahasha ya kaki, akaibandika mdomo na kutia sahihi yake pale pale kwenye maungio, nusu juu ya kifuniko na nusu juu ya bahasha, ili mtu akiifungua sahihi ikatike. Kazini, akasema, huongezwa lakiri. Kisha akaniambia habari ya karatasi na nailoni. Kitambaa chenye damu hukaushwa kwanza kwa hewa, mbali na jua, halafu hutiwa kwenye karatasi. Ukikifungia kwenye nailoni kikiwa kibichi, unyevu unabaki ndani, ukungu unaota, na kielelezo kinaoza. Kwa joto la pwani yetu huhitaji kungoja sana.

Bahasha ile sasa inaanza safari. Nani aliitoa eneo la tukio, nani aliipokea kituoni, ililala wapi, nani aliipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, nani aliifungua huko, nani aliirudisha. Kila mkono huacha jina na tarehe. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeusisitiza mlolongo huo katika kesi nyingi, ingawa imeeleza pia kwamba kwa vitu visivyoweza kubadilishwa kirahisi, upungufu kwenye makaratasi pekee si lazima uiangushe kesi. Kwa vitu kama unga, damu na majimaji, wakili wa utetezi ataing'ang'ania kila saa ambayo haina maelezo.

Wapo watakaoona kuwa huo ni urasimu usiofaa kuingizwa katika riwaya. Mimi naona kinyume kabisa. Katika redio tunasikia kila mara kwamba sampuli zimepelekwa kwa Mkemia Mkuu, halafu kimya. Kati ya maneno hayo na siku ya hukumu kuna dereva, karani wa stoo, jokofu lililokatikiwa umeme, afisa anayeombwa na shemeji yake afumbe macho kwa dakika tano. Hiyo ni riwaya nzima na bado haijaandikwa. Isome bahasha kama mhusika, uijue iko wapi katika kila sura.

5. Alama inasema mkono uligusa, haisemi mtu alitenda nini

Mwaka 1905 ndugu wawili, Alfred na Albert Stratton, walinyongwa London kwa kuwaua mume na mke wazee waliokuwa wakitunza duka la rangi huko Deptford. Alama ya dole gumba kwenye sanduku la fedha ndiyo iliyowatia hatiani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Uingereza kwa kesi ya mauaji. Magazeti yaliishangilia sayansi mpya. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1907, Freeman alitoa The Red Thumb Mark, na hapo ndipo ninapomwona mtu huyu kuwa mwandishi mwenye moyo. Wakati wote wanashangilia, yeye aliuliza: je, alama ikighushiwa?

Katika riwaya hiyo almasi zimeibwa kwenye kasha la chuma, na kijana Reuben Hornby anashtakiwa kwa sababu alama ya dole gumba lake, yenye damu, imekutwa kwenye karatasi ndani ya kasha. Wataalamu wa Scotland Yard wanasema hakuna mjadala, na wanasema kweli kwamba ni alama yake. Thorndyke anaikuza chini ya hadubini na kuona kwamba ni nakala, imetengenezwa kutokana na alama aliyowahi kuiacha kwenye kitabu cha mchezo wa kukusanya alama za vidole. Mahakamani anawakabidhi wataalamu karatasi yenye alama halisi na za kughushi zilizochanganywa, wanashindwa kuzitenganisha. Conan Doyle alikuwa amekwisha kuligusa jambo hilo mwaka 1903, katika hadithi ya mjenzi wa Norwood, ambamo alama ya damu inatokea ukutani mahali ambapo jana yake Holmes alihakikisha hapana kitu.

Niliyasoma hayo nikidhani ni ubunifu wa zamani. Halafu ukaja mwaka 2004. Baada ya mabomu kulipuka kwenye treni za Madrid mwezi Machi, alama ya kidole ilikutwa kwenye mfuko wenye vifaa vya kulipulia. Wataalamu wa FBI walisema ni ya Brandon Mayfield, wakili wa huko Oregon, Marekani. Alishikiliwa kwa majuma mawili hivi. Polisi wa Hispania walikuwa na mashaka tangu mapema, na mwishowe wao wakampata mwenye alama, mtu mwingine kabisa, raia wa Algeria. FBI ikaomba radhi. Hakuna aliyeghushi kitu pale. Wataalamu wenye uzoefu mkubwa waliziangalia alama mbili zinazofanana sana na kuona moja.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaomba waandishi wampe mtaalamu wao neno moja gumu: sijui. Au: siwezi kusema zaidi ya hapa. Mhusika anayeweza kulitamka hilo mbele ya mkuu wa polisi mwenye haraka, mbele ya waandishi wa habari, mbele ya familia ya marehemu inayotaka mtu afungwe leo, huyo ni shujaa wa kweli, na msomaji atamwamini siku atakaposema najua.

6. Kwetu mlango ulishafunguliwa, tena zamani

Wapo wanaodhani hadithi ya akili na ushahidi ni ya Wazungu na sisi tunaiazima. Mkumbuke Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Mwili wa Bwana Ali bin Said unakutwa penye mzimu. Watu wana jibu tayari, maana mahali penyewe panatisha. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum, hakubali. Anauliza, anapima maneno ya watu, anatazama. Ni kweli kwamba Abdulla alimpenda Sherlock Holmes na alama zake zinaonekana. Lakini tatizo alilompa Bwana Msa ni letu: kuuondoa mzimu katikati ya mauaji ili binadamu aliyeua aonekane.

Nilikisoma kitabu hicho nikiwa bado mwanafunzi, kwa taa, mahali ambapo wazee walikuwa na mzimu wao na hawakuutania. Nilishangaa kwamba mtu anaweza kuandika hivyo kwa Kiswahili na kisha watu wakampa tuzo. Mtaalamu wa maabara ni mrithi halali wa Bwana Msa. Mtu amekufa ghafla kijijini, wanasema amerogwa, kikongwe wa jirani ananyooshewa kidole. Mkemia anapima mabaki ya chakula na kukuta dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Hapo sayansi inaokoa maisha ya kikongwe kabla hata haijamkamata mtu.

Jambo jingine dogo nililolipenda kwa Abdulla: Inspekta Seif anakwenda na Bwana Msa kama watu wanaofahamiana. Askari wako usimfanye mpumbavu ili mtaalamu aonekane mwerevu. Askari anaijua mitaa, anajua nani ana deni kwa nani na nani alilala wapi. Mtaalamu asiye na askari mzuri amebaki na doa tu mkononi.

7. Kipimo kitamu zaidi ni kile kinachomtoa mtu mahabusu

Asubuhi ya tarehe 10 Septemba 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, Alec Jeffreys aliitazama filamu ya eksirei na kutambua kuwa vinasaba vinaweza kumtofautisha mtu na mwingine. Karibu na hapo, msichana wa miaka 15 alikuwa ameuawa mwaka 1983, na mwingine wa umri huo huo akauawa mwaka 1986. Polisi walimkamata kijana wa miaka 17. Alikiri mauaji ya pili, akakana ya kwanza. Polisi wakamwendea Jeffreys ili awasaidie kumfunga kwa yote mawili. Majibu yalikuja hivi: mtu mmoja ndiye aliyefanya unyama wote mara mbili, na mtu huyo si kijana waliyemkamata. Alikuwa amekiri jambo ambalo hakulifanya. Aliachiwa huru, wa kwanza duniani kusafishwa na vinasaba.

Polisi kisha waliwaomba maelfu ya wanaume wa vijiji vile watoe damu au mate. Muuaji, Colin Pitchfork, alimshawishi mfanyakazi mwenzake atoe damu kwa jina lake, na maabara, kwa uaminifu wake wote, ikaipima damu ya mtu mwingine. Aliyeifungua kesi ni mwanamke aliyemsikia yule mfanyakazi akilitaja jambo hilo baani mwaka 1987. Pitchfork alihukumiwa kifungo cha maisha Januari 1988.

Nimeifikiria kesi hiyo mara nyingi. Askari walikuwa na ungamo la mshtakiwa, kitu ambacho kila mpelelezi hukitamani, na bado walikubali kuongozwa na kipimo kilichowarudisha mwanzo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilishtuka kwa lile ungamo: kwamba mtu asiye na hatia, akikaa muda wa kutosha katika chumba cha mahojiano, anaweza kusema ndiyo. Na mwishoni, kipimo chenyewe kilihitaji sikio la mtu aliyekuwa amekaa baani na dhamiri yake. Mtunzi angeyabuni haya tungesema amezidisha.

Sisi tunayo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu tangu mwaka 2009. Tunayo maabara, tunao wataalamu waliobobea, na tunazo familia zinazongoja majibu. Kinachokosekana ni riwaya. Mtunge basi mkemia huyo. Mpe jina la kwetu na daladala ya kwenda kazini, mpe rundo la sampuli za jana, mpe askari anayemheshimu na mkubwa anayemharakisha. Ukimaliza mswada, usiulete kwangu kwanza. Mpe mtu wa maabara ausome, kisha mpe askari, kisha mpe mtu ambaye ndugu yake aliwahi kukaa mahabusu kwa kosa lisilo lake. Wakisharidhika wote watatu, ndipo uupeleke kwa mchapishaji.